Chumvi Iliyoyeyuka kwa Moto

Mwalimu Alanus alizikwa Jumanne, mimi nikafika Mbinga Jumatano saa sita mchana, nimechelewa kama ilivyo kawaida yangu katika mambo yanayomhusu yeye. Nesta, binti yake mkubwa, alinipigia simu Dodoma siku ya Jumapili akasema baba ametutoka, na badala ya kufunga mkoba saa ileile nikakaa nikitafuta sababu za kutokwenda. Nilizipata nyingi, zote za uongo. Sebule ilikuwa imeondolewa viti, magodoro yametandikwa chini, na wanawake wameegemea ukuta ambao enzi zangu ulikuwa wa kijani na sasa umepakwa rangi ya maziwa. Nilimpa pole mjane, Mama Nesta, akanishika mkono muda mrefu, kisha nikapewa kikombe cha uji na nafasi karibu na mlango. Walikuwa wakimzungumza marehemu. Mmoja alisema nusu ya wilaya imepita mikononi mwake, mwingine akakumbusha jinsi alivyokuwa hawezi kuona kitu cheupe bila kuuliza hiyo ni chumvi gani, wakacheka kidogo kama watu wanavyojiruhusu kucheka msibani. Halafu mama mmoja aliyevaa sare ya jumuiya akasema kwa upole, wala hakuwa na nia mbaya, kwamba mwalimu alikuwa na akili nyingi, ila ile shahada ya pili ilimshinda. Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Uji ulikuwa wa moto mno nami niliunywa hivyohivyo mpaka ulimi ukababuka, kwa sababu kama nisingekunywa ningesema, na pale mbele za watu sikuwa na ujasiri huo.

Nilipokuja mji huu mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Pangani kwa kupangiwa kazi ya ufundi wa maabara katika shule moja ya sekondari. Nilikuja na kanga sita bila sweta hata moja. Ilikuwa mwezi wa sita, na mtu wa pwani aliyefika Mbinga mwezi wa sita bila sweta hana haki ya kulalamika akichekwa. Shule haikuwa na nyumba ya kunipa, kwa hiyo Mwalimu Alanus, aliyekuwa mkuu wa idara ya kemia, akanipa chumba cha uani nyumbani kwake. Kilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha dogo linalotazama mibuni, na ukuta mmoja uliopakana na jiko. Ukuta huo ulikuwa na joto, nikasogeza kitanda mpaka kikaugusa. Nilikuwa Mwislamu peke yangu katika nyumba ile, na Mama Nesta hakuwahi kunifanya niulize kilichomo chunguni. Kulikuwa na sufuria yangu yenye mfuniko wa bluu, haikupikiwa kitu nisichokula, na hakuna aliyelizungumza jambo hilo. Cha kujivunia nilikuwa nacho kimoja tu, Kiswahili. Wenyeji walikuwa na Kimatengo chao cha nyumbani na Kiswahili cha shule, ofisi na kanisa, kizuri tu, lakini mimi nilikuwa nimezaliwa nacho, na kwa ujana wangu niliona hiyo ni kazi niliyoifanya mwenyewe. Nilimsahihisha kila mtu. Nilimsahihisha mkuu wa shule mbele ya wageni kutoka wilayani. Mwalimu Alanus alifurahia sana tabia hiyo, sijui kwa nini, akanipa jina la Mwenye Lugha. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo naye akajibu, marahaba Mwenye Lugha, leo tumekosea wapi.

Mwaka huo alikuwa hajatimiza hamsini na alikuwa na shahada ya pili nusunusu. Masomo alikuwa ameyamaliza chuo kikuu, akarudi kufundisha, na utafiti wake akaja nao kama mtu anayerudi nyumbani na kazi ya ofisini. Chuo kilimwongezea muda mara mbili. Barua ya tatu ilisema mwaka huo ndio wa mwisho, matokeo yasipofika yote kabla haujaisha, jina lake litaondolewa. Kazi aliifanya katika stoo nyuma ya maabara, chumba cha hatua nne kwa tano, chenye rafu za chupa zilizofutika majina na meza iliyoungua pembe. Humo ndimo nilimokaa miezi yote ile kila vipindi vilipokwisha. Nilichofanya humo nitakieleza kama alivyonieleza yeye, maana sijasikia mwingine akikieleza vizuri zaidi, na nimesikia wengi.

Chukua unga mweupe wa aina mbili, alisema. Wa kwanza ni kloraidi ya kolini, chumvi ambayo watengenezaji wa chakula cha kuku huichanganya kwenye pumba. Wa pili ni urea, mbolea ileile ya mahindi, ila hii aliisafisha mwenyewe mpaka ikawa na chembe za kung'aa. Kila mmoja peke yake ni unga mkavu unaohitaji moto mkali ili uyeyuke. Ukivichanganya, chembe moja ya kolini kwa mbili za urea, ukavipasha moto usiofika hata wa maji ya chai, vinaanza kulowana bila tone la maji. Baada ya muda unakuwa na kimiminika kisicho na rangi, kizito kama asali, na kikipoa hakigandi tena. Ndani yake alitia kidogo tu metali zile zinazoitwa za mpito, kobalti na nikeli, akatazama rangi, kwa kuwa rangi ndiyo inayosema ioni ya metali imezungukwa na nani. Kobalti ukiitia kwenye maji huzungukwa na maji sita na kuwa ya waridi. Ukiitia kwenye chumvi ya mwalimu inakamatwa na kloraidi nne na kuwa bluu, bluu ya wino. Nikeli ni kigeugeu zaidi, ikiwa baridi ni ya kijani, ukiipasha moto inaelekea bluu, kwa sababu kadiri joto linavyopanda majirani zake wanapungua. Yeye alitaka kujua wanapungua lini hasa, na kwa mpango gani. Alisema ioni ni kama sisi watumishi wa serikali, tabia yake huijui mpaka ujue amehamishiwa wapi na amekuta majirani gani. Aliposema hivyo alinitazama na sweta la Mama Nesta nililokuwa nimevaa, akacheka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupigana na maji. Chumvi ile inanyonya unyevu wa hewani, ukiiacha wazi kwenye ukungu wa Mbinga inaloa wakati unaitazama, na maji yakiingia rangi zinadanganya. Umeme ulikuwa wa jenereta na haukuaminika, kwa hiyo tulikausha kwa jiko la mkaa, sinia la mchanga juu yake na bakuli la chumvi katikati ya mchanga, kipimajoto kimechomekwa pembeni, na mimi nimekaa napepea na kuacha kupepea ili joto lisipande wala kushuka. Kisha chumvi ikahamishwa haraka, milango imefungwa, kwenye mtungi wa kioo wenye mfuniko uliopakwa grisi, na chini yake chembe za kunyonya unyevu. Mama Nesta ndiye aliyetuonyesha kuchagua mkaa usiotoa cheche. Tulikausha, tukapima uzito, tukakausha tena, mpaka uzito ukaacha kupungua. Ilituchukua wiki nyingi. Nilinuka moshi kama muuza mahindi ya kuchoma.

Neno lililotuangamiza alikuwa amelitambua mapema, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Madaftari yake ya kazi aliyaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa alikuwa na ndoto ya kuyafundisha mambo yale siku moja kwa watoto wanaoelewa kwa Kiswahili na kukariri kwa Kiingereza. Siku moja alisimama katikati ya sentensi akaniuliza sukari ikiingia kwenye chai inafanya nini. Nikasema inayeyuka. Na mafuta ya nazi yaliyoganda yakiwekwa juani? Nikasema yanayeyuka. Akaweka kalamu chini. "Sasa unaona," alisema. "Moja linataka maji, la pili linataka moto, na sisi tumeyapa neno moja. Nikimwambia mtu nina chumvi iliyoyeyuka, ataona maji ya chumvi." Nilimjibu kwa kiburi ambacho nikikikumbuka leo nahisi joto usoni. Nilimwambia Kiswahili hakina upungufu wowote, msikilizaji mwenye akili anaelewa kutokana na mazungumzo yenyewe. Vitabuni kuna mumunyika, nikasema, lakini bado sijamsikia mtu akisema sukari imemumunyika kwenye chai. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaamua kwamba popote tutakapoandika tutaandika chumvi iliyoyeyuka kwa moto, hata iweje. Niliandika hivyo kwa miezi, ukurasa baada ya ukurasa, na kila mara niliona ni Kiswahili kizito, cha mtu aliyevaa koti juu ya koti.

Nyumbani tulikula mapema, saa moja, ugali na maharage, siku nyingine usipa, dagaa wa huko, uliopandishwa kutoka ziwani. Mama Nesta alikuwa mtu wa ziwani, wa Mbamba Bay, na hakuacha kutucheka kwamba sisi wa mlimani, mimi akinihesabu humo kwa utani, tunakula usipa uliokwisha kuchoka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Miaka miwili ya mumewe chuoni aliilima mibuni peke yake, na ngolo, yale mashimo ya kuhifadhi udongo kwenye miteremko, aliyachimba na kina mama aliowapikia, watoto wanne mgongoni na shuleni. Hakulalamika mbele yangu hata siku moja. Lakini ukuta wa jiko ulikuwa mwembamba, na jioni moja niliwasikia wakiongea huku yeye akisonga ugali. Alimuuliza wakikataa mara hii itakuwaje. Mwalimu akasema wakikataa hataomba tena, ataachana nayo. Mwiko ukasimama. "Utaachana nayo wewe," alisema Mama Nesta. "Mimi ile miaka miwili nitarudishiwa na nani?" Nikausikia mwiko ukianza tena. Baadaye mezani walikuwa wakitaniana kama kawaida, na mimi nikala nikitazama sahani yangu. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kazi ile haikuwa ya mtu mmoja.

Na ilikuwa inakwenda vizuri. Mwezi wa kumi nikeli ilitupa tulichokuwa tunakitafuta. Aliipasha taratibu kwenye maji ya moto, kijani ikaanza kukimbia, ikawa rangi isiyo na jina, kisha bluu, na alipoitoa ikarudi kijani kidogo kidogo mbele ya macho yetu. Alikwenda kumwita Mama Nesta, aliyekuwa ametuletea viazi, akamsimamisha mbele ya dirisha la stoo na kumrudia jambo lote mara tatu. Mama Nesta aliuliza kitu hicho kinafaa nini. Mwalimu akamwambia hajui bado, atazame tu. Alitazama, kweli, mpaka ilipogeuka mara ya nne, akasema haya, nimeona, ni nzuri. Sehemu ya kwanza ya matokeo ilipelekwa chuoni na msimamizi wake akajibu kwamba ni kazi safi, imebaki sehemu ya mwisho, rangi zipimwe kwa mashine na ziandikwe kwa namba.

Mashine hiyo shule haikuwa nayo. Ilikuwepo katika ofisi moja ya serikali kule Mbamba Bay iliyokuwa ikipima maji ya ziwa na visima, na walikubali tuitumie siku mbili, kabla haijapelekwa mkoani kwa matengenezo. Tulitayarisha chupa tisa ndogo za shingo nyembamba, kila moja ina alama shingoni. Kobalti na nikeli zilikuwa zimepimwa uzito kwenye mizani nyeti ya chuo, zikafungwa kwenye vichupa tisa, na akiba haikuwepo. Katika kila chupa tuliweka metali hiyo ndani ya chumvi kiasi cha robo tu, na iliyobaki, ile chumvi tupu isiyo na metali, tukaibeba kwenye chupa moja kubwa, tuje tuijaze hadi alama hukohuko, ambako joto la ziwa lingeifanya imiminike vizuri. Mimi ndiye niliyepanga chupa kwenye sanduku la mbao, na mimi ndiye niliyeandika kadi ya kifuniko. Niliandika CHUMVI ILIYOYEYUKA, JAZA HADI ALAMA. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba kadi ilikuwa ndogo, maneno mawili hayakuenea. Si kweli. Nafasi ilikuwepo. Niliyaacha yale maneno kwa moto kwa sababu sanduku lilikuwa linakwenda kwa watu, nami sikutaka watu waone mwandiko wangu umebeba Kiswahili kile.

Tuliteremka kwa pikapu ya mfanyabiashara wa usipa iliyokuwa ikirudi tupu, sanduku likiwa mapajani mwa Mwalimu njia nzima. Ofisini tulipokelewa na Mzee Kasian, mhudumu wa maabara, Mnyasa mrefu aliyevaa koti jeupe lililofuliwa likapigwa pasi. Alituonyesha rafu ya kuweka sanduku, akasema tulale bila wasiwasi. Tulifikia kwa mama mkwe wake Mwalimu, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye ua uliofagiwa ukabaki mistari. Tukala ugali wa muhogo na usipa ambao kwa kweli haukuwa umechoka, na nikakiri hivyo, bibi akafurahi. Mwalimu alikula matonge mawili akasema anahisi baridi. Kwenye joto lile! Kulipokucha alikuwa na homa ya kutetemeka. Bibi alimfunika mablanketi yote ya nyumba, akamwambia leo haendi popote. Mwalimu akaniagiza nitangulie, niipashe ile chumvi ya chupa kubwa kwenye maji ya vuguvugu, nimsubiri, nisijaze chochote mpaka aje.

Mzee Kasian alikuwa mlangoni na ndoo zake za sampuli, boti inamngoja kuelekea Liuli. Nilimwamkia. "Marahaba, mama," alisema. "Nimewapunguzia kazi. Nimesoma kadi yenu, nimejaza zote hadi alama. Nimetumia yale maji safi ya kupimia, si ya bomba." Alisema kwa furaha ya mtu aliyewahi kazini kwa ajili ya mgeni. Katika ofisi ile kila chupa iliyojazwa hadi alama ilijazwa maji, miaka yake yote ya kazi, na kadi ilimwambia kwamba mle ndani mna chumvi iliyoyeyuka. Asome nini kingine? Nilimshukuru. Nikangoja mpaka ngurumo ya boti ikaondoka, ndipo nikaingia. Chupa tano za kobalti zilikuwa za waridi, waridi ya maua ya kitambaa cha meza. Nne za nikeli zilikuwa kijani chepesi cha majani machanga. Maji yalikuwa yamefukuza majirani wote na kukaa mahali pao.

Ninachokieleza sasa sijawahi kukieleza kwa maandishi. Nilisimama nikaisoma kadi, mwandiko wangu mzuri, herufi zimenyooka. Nilijua kwamba Mwalimu akifika ataisoma, ataona maneno mawili hayapo, na atajua ni nani aliyeyaondoa na kwa nini. Sikuogopa kufukuzwa kazi. Niliogopa uso wake tu. Nikaibandua kadi. Chupa kubwa ilikuwa imejaa, na kama ningedai nimejaza kutoka humo ilibidi ipungue, kwa hiyo nikaipeleka kwenye karo nikaimwaga. Ilitoka polepole, haikutaka kumwagika, nikawa naitikisa. Wiki zote zile za mkaa. Niliimwaga yote, nisibakize kidogo cha yeye kupimia, kisha nikafungua bomba na kuosha karo.

Alifika baada ya saa nzima, amejitanda kitenge cha mama mkwe wake, ameshika ukuta. Alizitazama zile chupa kwa muda. Akaniuliza kama nimejaza mimi. Nikasema ndiyo, Mwalimu, nisamehe, niliona muda unakwenda. Kwa ile ya chupa kubwa? Nikasema ndiyo. Akachukua chupa moja, akailaza, akaona jinsi kilichomo kilivyokimbia kama maji. Asingekuwa na homa angenihoji zaidi, na mimi nililitegemea hilo. "Basi sikuikausha," alisema. Akakaa kwenye kiti cha Mzee Kasian. Mimi nilikuwa nalia, si kwa hila, machozi yalikuja yenyewe, naye akanyoosha mkono akanishika kiwiko. "Usilie, Zuhura. Kosa si lako." Hiyo ndiyo mara pekee ninayoikumbuka aliponiita kwa jina langu, na nilimwacha aseme.

Tulirudi mlimani kabla boti haijarudi. Alipopata nafuu alikaa mezani na daftari, akapiga hesabu, akaona kwamba hewa ya ziwa peke yake isingeweza kutia maji kiasi kile kwa siku moja. Nilidhani sasa ataufikia ukweli. Hakuufikia, kwa sababu katika hesabu zake kila kitu kilikuwa na nafasi ya kukosea isipokuwa neno langu. Aliamua kwamba chumvi ilikuwa na maji tangu mtungini, na kama ilikuwa na maji, hakuna ajuaye yalikuwemo tangu lini. Basi hata matokeo ya kwanza, yale yaliyosifiwa, hayafai. Mwenzake mmoja shuleni alimshauri anyamaze, apeleke alichonacho, nani atajua. Yeye akaandika barua ya ukurasa mmoja akayaondoa yote. Alinisomea sebuleni, Mama Nesta amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo. Nilikuwa na nafasi keshoye na keshokutwa, mpaka barua iliposafiri, na hata baada ya hapo. Jibu la chuo lilikuja likiwa fupi na lenye adabu. Mama Nesta siku ile na iliyofuata alikwenda shambani asubuhi akarudi jioni. Mwishoni mwa mwaka niliomba uhamisho nikisingizia baridi, nikapewa, na Mwalimu ndiye aliyenibebea begi mpaka stendi.

Niliendelea, kama watu wanavyoendelea. Nilisoma, nikapanda cheo, leo nina maabara yenye viyoyozi na mashine tatu za aina ile, na vijana ninaowafokea wakiandika lebo kwa kifupi. Tulipigiana simu sikukuu zao na sikukuu zetu. Kila mara nilijiandaa kumwambia, na kila mara aliniuliza habari za kazi kwa furaha kubwa kiasi kwamba nilimjibu hizo tu. Mwaka mmoja aliniambia huku akicheka kwamba wanafunzi wake amewaambia wazi kuwa yeye ndiye yule mtu aliyeshindwa na maji. Nikacheka naye. Nilipokata simu nilijifungia chooni ofisini mpaka mtu akagonga mlango.

Alhamisi asubuhi, siku ya pili yangu msibani, wanawake walikwenda kuosha vyombo, nikamkuta Mama Nesta peke yake jikoni amekaa kwenye kigoda. Amezeeka vizuri, mikono yake tu ndiyo iliyotulia sasa. Nilikaa chini, nikamwambia mama, ile kazi ya Mwalimu haikumshinda. Nikamweleza yote kwa mpangilio, kadi, Mzee Kasian, karo, na lile kosa si lako aliloniambia nikalinyamazia. Sikulia, niliona sina haki. Alinisikiliza mpaka mwisho akitazama majivu. Aliuliza kitu kimoja, kama ile chumvi ilikuwa kavu. Nikamwambia ilikuwa kavu, mama, alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Nikangoja anifukuze, ningeshukuru.

"Kila likizo," alisema hatimaye, "alikuwa anaagiza ile chumvi ya kuku kutoka Songea. Anaikausha, anapima, anamwaga. Miaka yote hiyo, hata mwaka huu, mkono umeshakuwa mzito. Nikimuuliza unatafuta nini, anasema anatafuta alipokosea." Alijifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Na mimi ndiye nilikuwa namwashia mkaa."